Koma Imeharibika Wapi? Utatuzi wa Makosa ya Alama za Uandishi katika Kiingereza

Shuleni tulifundishwa kwamba koma ni mahali pa kupumua, ndiyo maana wengine huiita kipumuo. Kwa Kiswahili ushauri huo hauna madhara makubwa. Kwa Kiingereza hauendi mbali. Alama za Kiingereza hufuata muundo wa sentensi: kiima kimeanzia wapi, kitenzi kipi ni chake, kishazi kipi kinaweza kusimama peke yake. Pumzi ya msomaji haihesabiwi. Ndiyo maana mtu mwenye msamiati mpana na sarufi nzuri bado hurudishiwa kazi imejaa wino mwekundu: maneno ni ya Kiingereza, lakini alama zimewekwa kwa sikio la Kiswahili.

Makosa yenyewe si mengi, na chanzo cha kila moja kinajulikana. Tafuta dalili inayofanana na yako, fanya jaribio lake, kisha rekebisha.

Dalili: sentensi mbili zimeshikanishwa kwa koma

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Msahihishaji huandika pembeni "comma splice", au programu hupiga mstari chini ya koma ambayo kwako inaonekana haina neno.

Kosa: She finished the report, she sent it to the manager.

Sema maneno hayo kwa Kiswahili uone yanavyokaa vizuri: "Alimaliza ripoti, akaituma kwa meneja." Kinachoshikanisha hapo si koma, ni ile -ka- ya "akaituma". Hiyo ndiyo inayomwambia msomaji kwamba tendo hili limefuata lile. Kiingereza hakina -ka-. Ukihamisha sentensi ilivyo, -ka- inabaki nyuma na koma inabebeshwa mzigo usio wake.

Jaribio: futa koma, weka nukta, kisha soma kila upande peke yake. "She finished the report." Imesimama. "She sent it to the manager." Nayo imesimama. Pande zote mbili zikisimama, koma peke yake haitoshi. Unaweza kutumia:

- nukta: She finished the report. She sent it to the manager.
- nukta mkato, kama mawazo mawili yameshikana sana: She finished the report; she sent it to the manager.
- koma pamoja na kimojawapo cha viunganishi saba, yaani for, and, nor, but, or, yet, so: She finished the report, and she sent it to the manager.
- kishazi tegemezi: When she finished the report, she sent it to the manager.

Kuna njia ya tano, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na -ka- yetu: futa kiima cha pili.

Sahihi: She finished the report and sent it to the manager.

Angalia kwamba hapo hakuna koma kabla ya "and". Kitenzi "sent" kinatumia kiima kile kile "She", kwa hiyo hakuna sentensi mbili za kutenganisha. Wengi wakishaambiwa waweke koma kabla ya "and" huiweka kila wanapoliona neno hilo. Angalia kwanza kama baada ya "and" kuna kiima kipya. Kikiwepo, weka koma. Kisipokuwepo, kwa kawaida usiweke.

Vishazi vifupi vyenye umbo moja, hasa vikiwa vitatu, husamehewa: He knocked, he waited, he left. Msamaha huo usiuzoee kwenye barua ya kazi.

Dalili: umetumia "however" na bado unaambiwa umekosea

Kosa: The office was closed, however, the guard let us in.

"Hata hivyo", "kwa hiyo" na "kisha" tunaziweka katikati ya sentensi bila wasiwasi, ndiyo maana "however", "therefore", "then", "moreover", "otherwise" na "instead" huonekana kama viunganishi. Si viunganishi, ni vielezi, na kielezi hakina nguvu ya kuunganisha sentensi mbili.

Jaribio: jaribu kulihamisha neno. "The guard, however, let us in" inakubalika. "The guard but let us in" haikubaliki. Neno linalohama ni kielezi, na mbele yake panahitaji nukta au nukta mkato.

Sahihi: The office was closed; however, the guard let us in.

Kati ya hayo, linalowaponyoka watu zaidi ni "then", kwa sababu ni fupi na linafanana na "kisha". We ate, then we left ni kosa lile lile, ingawa wahariri wengine huliachilia. Andika We ate, and then we left, au We ate and then left.

Dalili: koma moja imekaa kati ya kiima na kitenzi

Kosa: The students who arrived after eight o'clock, were sent home.

Hapa pumzi ndiyo mkosaji. Kiima ni kirefu, msomaji anachoka, mwandishi anamhurumia na kumwekea koma. Uliza: nani walirudishwa nyumbani? Jibu ni "The students who arrived after eight o'clock", lote zima. Hicho ndicho kiima, na koma moja hairuhusiwi kukitenga na kitenzi chake hata kama kina maneno ishirini. Zinaruhusiwa koma mbili, moja kila upande wa maelezo yaliyochomekwa katikati, au isiwepo hata moja.

Uamuzi wa mbili au sifuri unastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapa koma hubadilisha maana kabisa. Kiswahili cha kawaida hakituzoezi tofauti hii. "Abiria wasio na tiketi watatozwa faini" tunaielewa bila alama yoyote. Sasa tazama Kiingereza:

Passengers who have no tickets will be fined.

Passengers, who have no tickets, will be fined.

Ya kwanza inawatoza wasio na tiketi tu. Ya pili inasema abiria wote hawana tiketi na wote watatozwa. Koma mbili zimegeuza maneno ya katikati kuwa taarifa ya nyongeza, kitu ambacho msomaji angeweza kukiruka. Vivyo hivyo, My brother, who lives in London, is a nurse ni ya mtu mwenye kaka mmoja. Ukiondoa koma, unadokeza kuwa una ndugu kadhaa na unamtaja yule wa London.

Jaribio: ziba kwa kidole maneno yaliyo kati ya koma. Msomaji bado anajua unamsema nani? Kama ndiyo, koma zibaki. Kama hajui tena, ziondoe zote mbili, si moja. Na kirejeshi kikiwa "that", hakuna cha kujaribu, kwani kishazi cha "that" hakitengwi kwa koma: The phone that I bought is broken.

Dalili: koma baada ya "that", "although" au "such as"

Kosa: He said that, the meeting was cancelled.

Hili hutokana na mazoea ya kuandika "alisema kwamba," halafu koma. Hata kwa Kiswahili koma hiyo haina kazi. "That" inafungua kishazi, na kufungua mlango kisha kuufunga papo hapo hakuna maana. Vivyo hivyo kwa "although": Although he was tired, he kept working. Koma inakuja mwisho wa kishazi, haiji baada ya neno la kwanza. Na baada ya "such as" hakuna koma wala nukta pacha.

Koma ya kishazi tegemezi inategemea mpangilio. Kishazi kikitangulia, koma ipo: If it rains, we will stay. Kikija nyuma, kwa kawaida haipo: We will stay if it rains. Chunga tu sentensi yenye ukanushi na "because". He did not leave because he was angry inaweza kumaanisha hakuondoka, na sababu ni hasira, au aliondoka, ila sababu haikuwa hasira. Usiitegemee koma kuiokoa sentensi kama hiyo. Iandike upya: Because he was angry, he did not leave.

Dalili: unaonekana unamsema mtu badala ya kusema naye

I don't know Peter.

I don't know, Peter.

Ya kwanza: simjui Peter. Ya pili: Peter, mimi sijui. Kwa Kiswahili kiambishi -m- kinaondoa utata, kwa hiyo koma ya kumwita mtu tunaidharau. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Jina au cheo cha unayesema naye hutengwa siku zote: Thank you, sir. Yes, Doctor, I understand. Mwanzo wa barua ndio pekee wenye desturi yake. Dear Mr Brown haina koma baada ya "Dear".

Dalili: orodha inasomeka kwa maana mbili

Katika orodha ya vitu vitatu au zaidi, koma ya mwisho kabla ya "and" au "or" ina mabishano ya miaka. Vitabu vingi vya Marekani huiweka, magazeti mengi huiacha, na Uingereza wengi huiacha isipokuwa panapohitajika. Jina lake maarufu, koma ya Oxford, linatokana na matbaa ya chuo kikuu cha Oxford, ambako ndiyo desturi.

Kwamba haina maana wasiseme mbele ya madereva wa kampuni moja ya maziwa jimboni Maine, Marekani. Sheria ya jimbo iliorodhesha kazi zisizolipiwa saa za ziada, na mwisho wa orodha ukasomeka "packing for shipment or distribution of" bidhaa kadhaa za chakula, bila koma baada ya "shipment". Je, usambazaji ulikuwa kazi ya peke yake, au ufungaji ndio uliotajwa, uwe wa kusafirisha au wa kusambaza? Madereva walikuwa wanasambaza, hawakuwa wanafunga. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona maneno yana utata na ikawapa haki madereva, na mwaka 2018 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Bunge la Maine baadaye liliandika upya orodha hiyo kwa nukta mkato.

Jaribio: soma vitu viwili vya mwisho kana kwamba ni kitu kimoja. Vikiweza kueleweka hivyo, weka koma. Ukichagua kuiweka, iweke katika andiko zima.

Dalili: ritifaa imeingia kwenye wingi, au imekosekana kwenye umiliki

Ritifaa tunaijua kwa ng'ombe na ng'ambo, ambako inaonyesha sauti. Kiingereza hakiitumii hivyo kabisa. Kwao ina kazi mbili: kuonyesha herufi iliyomezwa, kama washairi wetu wanavyoandika "n'lipokuja", na kuonyesha umiliki. Kutengeneza wingi si kazi yake.

Kosa: We sell photo's and CD's from the 1990's.

Sahihi: We sell photos and CDs from the 1990s.

Wingi wa Kiswahili hubadilika mwanzoni mwa neno: mwanafunzi, wanafunzi. Jicho letu halijazoea kuutafuta mwishoni, kwa hiyo tukiona "s" mkiani tunaichanganya, ya wingi na ya umiliki. Njia ya kujinasua ni kuuliza kwa Kiswahili, kisha kuandika kwa hatua mbili. Vitabu vya nani?

Vya mwanafunzi: andika student, kisha ongeza 's. The student's books.

Vya wanafunzi: andika students. Tayari kuna s ya wingi, ongeza ritifaa tu. The students' books.

Vya watoto: andika children. Wingi huu hauna s, kwa hiyo ongeza 's. The children's books.

Siri ni kumaliza kuandika mwenye mali, umoja au wingi, kabla hujaigusa ritifaa. Anayekosea huwa ameanza na 's kichwani, kisha anatafuta pa kuibandika. Kwa jina linaloishia na s kuna njia mbili, James's na James'. Mwongozo wa Chicago, unaotumiwa na wahariri wengi wa Marekani, hupendelea ya kwanza. Muda nao unamiliki: a day's work, two weeks' notice. Na nyumba moja ya watu wawili ni Mike and Anna's house, ilhali magari mawili, kila mtu lake, ni Mike's and Anna's cars.

Halafu ile maarufu, its na it's. Kila mtu ameambiwa kanuni na kila mtu huisahau, kwa sababu inaonekana kupinga ile ya juu: umiliki una ritifaa, kwa nini "its" isiwe nayo? Iweke na ndugu zake: his, hers, ours, yours, theirs. Hakuna hata mmoja mwenye ritifaa, na "its" ni wa ukoo huo. Jaribio: soma "it is" au "it has" mahali pake. The dog wagged it is tail haisomeki, kwa hiyo ni its. It is raining inasomeka, kwa hiyo ni it's. Jaribio hilo hilo linamaliza who's na whose, you're na your, they're na their.

Kwenye vifupisho, ritifaa hukaa pale herufi ilipotoka, haikai kwenye mshono wa maneno. Do not hupoteza o ya pili, kwa hiyo ni don't, si do'nt.

Dalili: nukta mkato au nukta pacha kabla ya orodha imekataliwa

Kosa: We need; pens, paper and ink.

Kosa: We need: pens, paper and ink.

Ya kwanza haina utetezi. Nukta mkato hutenganisha vitu vya uzito sawa, sentensi kamili na sentensi kamili, na "We need" si sentensi. Ya pili imezoeleka sana, hata kwenye mabango, lakini kwenye maandishi rasmi huhesabiwa kosa: kilicho kabla ya nukta pacha sharti kiwe sentensi iliyokamilika. Jaribio: weka nukta pale ilipo nukta pacha. "We need." Unahitaji nini? Imekatika. Ama ondoa alama, We need pens, paper and ink, ama kamilisha sentensi: We need three things: pens, paper and ink. Kwa hiyo baada ya "are", "include" na "such as" nukta pacha haina nafasi, isipokuwa orodha imepangwa wimawima, ambapo wahariri wengi huikubali.

Nukta mkato ina kazi ya pili ambayo ni msaada mkubwa. Vitu vya orodha vikiwa na koma ndani yake, yenyewe hupanda cheo na kutenganisha vitu: They visited Paris, France; Rome, Italy; and Madrid, Spain. Bila hiyo, msomaji angehesabu miji sita. Alama hii ilianzia Venice mwishoni mwa karne ya 15, kwenye matbaa ya Aldus Manutius, na tangu hapo waandishi wengi wameiogopa bila sababu. Ukiona huna uhakika nayo, nukta itafanya kazi karibu kila mahali.

Dalili: alama za kunukuu zinapishana na nukta

Kabla ya kusahihisha, amua unaandika Kiingereza cha wapi. Marekani hutumia alama mbili kwa nukuu ya nje na moja kwa nukuu iliyo ndani ya nukuu, na koma na nukta hukaa ndani daima. Vitabu vingi vya Uingereza hufanya kinyume kwa alama, na huweka nukta kwa kufuata maana: ikiwa ni sehemu ya maneno yaliyonukuliwa inaingia, la sivyo inabaki nje.

Marekani: She called it "a small delay."

Uingereza: She called it 'a small delay'.

Pande zote mbili zinakubaliana juu ya mengine. Nukta pacha na nukta mkato hubaki nje. Kiulizo humfuata mwenye swali: He asked, "Where are you?" ni swali la aliyenukuliwa, lakini Did he say "I am lost"? ni swali lako, kwa hiyo kiulizo kiko nje. Usirundike alama mbili mwishoni.

Nukuu ikifuatwa na "she said", nukta ya mwisho hugeuka koma: "I am ready," she said. Kosa la kawaida ni "I am ready." She said. Hapo "She said" inaachwa yatima. Kiulizo hakigeuki, na neno linalofuata halianzi kwa herufi kubwa: "Are you ready?" she asked. Nukuu ikipita aya moja, fungua alama mwanzoni mwa kila aya na uifunge mwishoni mwa ya mwisho tu.

Swali la taarifa nalo lina mtego wake. He asked where I was? ni kosa. Neno "asked" lipo, swali halipo, maana sentensi yenyewe inatoa taarifa. Weka nukta. I wonder where he went vilevile.

Na kuna hili linalochekesha wasomaji bila mwandishi kujua. Anayetaka kusisitiza ubora wa mkate wake huandika Our "fresh" bread. Msomaji wa Kiingereza huelewa "mkate unaodaiwa kuwa freshi", yaani umelala. Alama za kunukuu juu ya neno moja huonyesha kuwa mwandishi hakubaliani nalo au analifanyia kejeli. Kusisitiza, tumia herufi nzito au za mlazo, au liache neno lijitetee.

Dalili: kistari kimepotea, au kimezidi

Kistari huunganisha maneno yanayofanya kazi ya kivumishi kimoja kabla ya nomino. A ten-year-old boy ina vistari viwili na "year" bila s. The boy is ten years old haina kistari na ina s. A well-known writer, lakini the writer is well known. Vielezi vinavyoishia na -ly havihitaji: a highly respected doctor. Pima kwa maana: a small-business owner ana biashara ndogo, ilhali a small business owner anaweza kusomwa kama mwenye biashara aliye mfupi.

Deshi ni kitu kingine na zipo mbili. Fupi ni ya masafa ya namba, 2010–2015, na ukishaandika "from" usiitumie: from 2010 to 2015. Ndefu hukatiza wazo. Marekani huiweka bila nafasi pembeni—namna hii—na Uingereza wengi hutumia ile fupi yenye nafasi – namna hii. Kwenye Windows shikilia Alt uandike 0150 kwa fupi na 0151 kwa ndefu, ukitumia kibodi ya namba ya pembeni. Kwenye Mac ni Option na kistari kwa fupi, Option na Shift na kistari kwa ndefu.

Dalili: uliandika sawasawa lakini kinachoonekana si ulichoandika

Hapa kosa ni la mashine. Programu za kuandika hugeuza alama zilizonyooka kuwa zilizopinda, na hukisia upande kwa kuangalia kama mbele yake kuna nafasi. Ukiandika '90s, programu inadhani unafungua nukuu na kupindua ritifaa: ‘90s. Inayotakiwa ni ’90s. Andika ritifaa mara mbili mfululizo kisha futa ya kwanza, au tumia Alt na 0146.

Ukiona â€™ mahali pa ritifaa baada ya kupeleka maandishi kwenye tovuti au barua pepe, faili limehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo mmoja wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, na kusomwa kana kwamba ni Windows-1252, mfumo mwingine. Ritifaa iliyopinda ni baiti tatu katika UTF-8, na msomaji asiyejua hilo huonyesha kila baiti kama herufi yake. Kurekebisha neno moja moja ni kupoteza muda. Fungua faili upya ukichagua UTF-8, au mwombe anayesimamia tovuti atangaze UTF-8 kwenye ukurasa. Mstari mwekundu ukitokea chini ya alama zako zote za kunukuu, angalia kwanza lugha ya andiko, Kiingereza cha Marekani au cha Uingereza, kabla hujashuku kalamu yako.

Kupekua andiko lililokamilika

Usisome tu kutoka juu kwenda chini, maana jicho linajua unachotaka kusema na litakuficha kosa. Bonyeza Ctrl na F, tafuta kimoja kimoja:

1. Koma, nafasi, kisha he, she, it, they, we, this. Kila ukisimama, fanya jaribio la nukta.
2. however, therefore, then. Tazama alama iliyo mbele ya kila neno.
3. 's na s'. Uliza "ya nani?" Kama hakuna mwenye mali wala herufi iliyomezwa, ritifaa iondoke.
4. it's. Soma "it is".
5. Nukta pacha. Je, kushoto kwake kuna sentensi kamili?
6. "that," ikiwa na koma yake. Futa, isipokuwa koma hiyo inafungua maelezo yaliyochomekwa na koma ya pili ipo.
7. Nafasi kabla ya koma, nukta, kiulizo au nukta pacha. Kifaransa huacha nafasi kabla ya baadhi yake, Kiingereza hakiachi. Baada ya alama ni nafasi moja tu.

Andiko la kurasa tano halichukui zaidi ya dakika ishirini. Ya kwanza ndiyo itakayokusimamisha mara nyingi, kwa hiyo ukiwa na dakika tano tu, ifanye hiyo uache nyingine.